Mwekezaji, mkandarasi, mkopeshaji na mfadhili sio mtu mmoja jamani

Kuna picha imezunguka sana kwenye magrupu ya huku kwetu, lori limebeba vyuma vya minara ya ule mstari mkubwa wa umeme unaotoka Iringa unapita Kisada, Mbeya, Tunduma mpaka Sumbawanga, na aliyeiweka kaandika "wawekezaji wa nishati jadidifu washatua nyanda za juu kusini", watu wakamwaga hongera. Kilicho sahihi hapo ni nyanda za juu kusini tu. Ule mstari wa kilovolti 400 kwa sehemu kubwa unajengwa kwa hela ambayo serikali imekopa Benki ya Dunia na wenzake, wenye malori ni wakandarasi, na waya hauzalishi umeme, unabeba tu ulioletwa, uwe wa maji, wa gesi au wa jua.

Maana tuimalize haraka. Nishati jadidifu ni ile ambayo ukiitumia leo kesho ipo tena: maji, upepo, jua, jotoardhi, na mabaki ya mimea kama magome na vipande vya mbao. Uwekezaji wa kigeni ni mtu au kampuni ya nje kuweka mtaji wake kwenye biashara iliyopo hapa akawa mmiliki, faida yake na hasara yake. Wanaohesabu haya mambo kimataifa wana kipimo, mgeni akishika asilimia 10 au zaidi ya nguvu ya kura kwenye kampuni wanamuweka kwenye fungu la mwekezaji wa moja kwa moja, chini ya hapo ni mtu kanunua hisa tu. Sheria yetu ya Uwekezaji ya 2022 nayo iliweka kiwango, mgeni akitaka kuingia kwenye vivutio, yaani nafuu za kodi na kadhalika, mradi wake uanzie dola 500,000, mzawa dola 50,000. Basi, maana ndo hiyo.

Kinachonikera ni watu wanne tofauti kuitwa jina moja. Hebu chukua una kiwanja Mafinga mjini unataka kupandisha fremu za biashara. Wa kwanza ni fundi, huyo anataka ujira wake ukimaliza kumlipa anabeba mwiko anaondoka. Wa pili ni benki, inakupa hela inataka rejesho na riba, fremu zipate wapangaji zisipate rejesho liko palepale. Wa tatu ni shemeji yako aliyeko ughaibuni katuma hela ya bati na hadai kitu, labda heshima tu akija likizo. Wa nne ndo anakuja na maneno haya: nipe hicho kiwanja miaka 20, najenga kwa hela yangu, kodi ya wapangaji nakusanya mimi, wewe nakukatia kidogo kila mwaka, muda ukiisha nakuachia kila kitu. Huyo wa nne peke yake ndo mwekezaji, wapangaji wasipokuja anayelala na mawazo ni yeye.

Sasa rudi kwenye umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mashine 9 za megawati 235 kila moja, ukikaa kijiweni popote utasikia "Wamisri wamewekeza pale". Hawajawekeza. Kampuni za Arab Contractors na Elsewedy Electric zilisaini mkataba Desemba 2018 kulijenga, serikali ikawa inawalipa kwa hela zetu, na bwawa ni mali yetu lote. Mwaka ambao Usangu na Kilombero zitakauka na maji yakapungua, hasara ni ya kwetu, Cairo hawatasikia hata harufu yake. Fundi mzuri, kazi nzuri, lakini fundi.

Kishapu kule Shinyanga ndo inachanganya zaidi kwa sababu wageni wapo wa aina mbili. Ni mradi wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza 50, hela imetoka kwa mkopo wa shirika la maendeleo la Ufaransa, anayejenga ni Sinohydro ya China, mwenye mali ni TANESCO. Kwa hiyo mtu akisema Wafaransa wamewekeza kwenye jua la Kishapu amekosea, na anayembishia kwamba ni Wachina nae amekosea, na nimeona watu wazima wakizozana kabisa juu ya hilo kila mmoja anajiona mjuzi.

Mabwawa yetu ya zamani huku ni hadithi hiyohiyo ya mikopo na misaada chini ya umiliki wa serikali, Mtera megawati 80, Kihansi megawati 180. Kihansi nawapa kama mfano wa kitu kingine, kwamba mkopeshaji sio lazima akae kimya kisa hamiliki. Wale chura wadogo waliokuwa wanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko, wanasayansi waliwakuta 1996 ujenzi ukiendelea, na waliotoa hela wakashinikiza, ikabidi sehemu ya maji iachwe itiririke na zifungwe bomba za kunyunyizia kwenye korongo ili chura wapate ile hali yao ya unyevu, na bado 2009 wakatangazwa kutoweka porini, waliobaki wakati huo walikuwa ni waliopelekwa Marekani kufugwa. Watu wanacheka stori ya chura ila ndani yake kuna somo la fedha: mwenye hela ana masharti hata kama jina lake haliko kwenye hati.

Wafadhili nao tunao, tena huku kusini wamefanya kazi ya kuonekana. Umeme wa maji wa Mawengi, Ludewa, ulisimamiwa na shirika la misaada la ACRA la Italia, na ule wa Matembwe, Njombe, una mkono wa CEFA, nao Waitaliano, mitambo midogo ya vijiji, na hela nyingi ilikuwa msaada. Pale hakuna mtu Milano anasubiri gawio. Ukimwita mwekezaji unamuonea bure, alafu siku akiondoka mnaanza kuulizana mbona kakimbia.

Na mwekezaji mwenyewe je, huku yupo? Yupo, ila hapigiwi ngoma. Nenda Mufindi kwenye mashamba ya chai, kuna mtambo wa maji wa Mwenga, megawati 4, ulianza kazi 2012, kampuni binafsi yenye mtaji wa nje, Rift Valley Energy. Inachekesha kwamba kwa udogo wake ndo mfano kamili kuliko yote niliyotaja: inazalisha, inasambaza yenyewe kwenye nyumba za vijijini, na ziada inaiuzia TANESCO. Mto ukishuka kiangazi mapato yanashuka, na ndo maana wakaongeza mapangaboi ya upepo, megawati 2.4 mwaka 2020, kwa sababu maeneo yale upepo unavuma vizuri kipindi hichohicho maji yanapopungua. Huo ndo mwendo wa mtu ambaye hela yake iko hatarini, mkandarasi asingejisumbua kuwaza kiangazi. Na wala sio safi asilimia mia, Umoja wa Ulaya na REA, wakala wetu wa nishati vijijini, waliweka ruzuku humo, maana kupeleka nguzo kwenye kijiji chenye nyumba zilizotawanyika hakulipi kwa bei ambayo mkulima anaweza kumudu. Njombe kuna wakubwa zaidi kwa umri, wale wa miti ya miwati, kampuni ya TANWAT, ambao miaka mingi walikuwa chini ya shirika la CDC la Uingereza na wakaweka mtambo wa kuchoma mabaki ya miti wa kama megawati 2.5, umeme mwingine wakawauzia TANESCO. Watu wa pale wanajua moshi wake, hawajui kwamba ule ndo uwekezaji wa kigeni kwenye nishati jadidifu.

Mtu ataniuliza jina lina shida gani, si umeme unawaka? Shida ni pale tunaposema "tuvutie". Mkandarasi humvutii, unatangaza tenda wanajaa. Mkopeshaji anaangalia kama serikali italipa deni. Mfadhili anaangalia uhitaji, na siasa za kwao. Mwekezaji anaangalia kitu kingine kabisa: nikizalisha, nani ananunua, kwa bei gani, kwa sarafu gani, na analipa kwa wakati? Hapo ndo hotuba zinapoishia. Kwetu mnunuzi mkubwa ni mmoja, TANESCO, na kuna miaka alikuwa na malimbikizo makubwa ya madeni kwa wazalishaji binafsi, hiyo habari wawekezaji wanaijua kuliko wanavyojua vivutio vya Ruaha. Alafu TANESCO anakusanya shilingi, mitambo imenunuliwa kwa dola, shilingi ikiteleza nani anabeba? Umeme wa jua na upepo una tabia yake, gharama karibu yote iko mwanzoni, mafuta hununui, kwa hiyo mwekezaji mwenyewe nae anakopa sehemu kubwa, na benki yake haimpi mpaka aone mkataba wa kuuziana umeme wa miaka 20 hivi uliokaa vizuri. Misamaha ya kodi ni nyongeza, haijengi mtambo. Kwa miradi midogo isiyozidi megawati 10 tulifanya jambo la maana toka miaka ya 2008 na 2009, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakaweka mkataba wa mfano na bei inayojulikana, mtu hahitaji kwenda kubembeleza kila kipengele, na kina Mwenga wamepitia humo.

Naelewa pia kwa nini wenzetu serikalini wanaogopa mikataba mirefu. IPTL ya 1995, mtambo wa mafuta, tulikuwa tunalipia uwezo wa mtambo hata ukiwa umezimwa, ikaishia kwenye sakata la hela za akaunti ya Escrow 2014. Ukishaungua hivo unasoma kila mkataba mara mbili. Wakenya nao kule Turkana, mapangaboi 365, megawati 310, mwekezaji alimaliza sehemu yake 2017 lakini mstari wa serikali wa kupeleka umeme Suswa ulikuwa haujaisha, ukaja kuunganishwa Septemba 2018, na kwa huo ucheleweshaji serikali ikadaiwa mabilioni. Kwa hiyo kile kilovolti 400 cha Kisada nilichokisema mwanzo hakizalishi kitu ila bila chenyewe hakuna mwekezaji wa maana atakayekuja huku, hilo nalikubali.

Makambako ndo inaniuma. Ule upepo kila anayepita stendi anaujua, Windlab ya Australia ilikuja ikapima, ikaandika mradi wa megawati 100 kwa kuanzia na mpango wa kufika 300, miaka ikapita bila pangaboi hata moja kusimama. Wakati huo wote magazeti na viongozi walishauhesabu kama "uwekezaji". Kupima upepo sio kuwekeza megawati 100, ni kuwekeza kwenye mlingoti wa kupimia na mishahara ya watu wachache. Ngozi kule Rungwe ni upande wa pili wa jambo hilo, jotoardhi, na pale kampuni ya serikali ya TGDC ndo imebeba kazi ya kutafuta kwa kusaidiwa na ruzuku, kwa sababu kisima kimoja ni mamilioni ya dola na unaweza ukachimba ukakosa mvuke, binafsi gani atakubali? Kenya walifanya hivo Menengai, kampuni ya serikali ikachimba ikapata mvuke, ndo wakaja binafsi kama Globeleq ya Uingereza kujenga mtambo na kununua mvuke ule. Kwa hiyo ukiona serikali inachimba Ngozi kwa hela ya umma usiseme wamekosa wawekezaji, hiyo ndo njia ya kuwapata.

Ombi langu ni dogo na nalisema kwa heshima kwa wanaotuandikia kurasa za mikoa na halmashauri, wengi ni wadogo zangu na najua mnaandika harakaharaka kiongozi akiwa amesimama pembeni. Wageni wakija wakasaini makubaliano ya awali mbele ya meza yenye maua, msiandike "mkoa wapata uwekezaji wa megawati kadhaa". Andikeni wamesaini kuja kupima, au wamepewa kazi ya kujenga, au wametukopesha, vyovyote ilivyo. Ikifika siku wamefunga mkataba wa kuuza umeme na hela yao imeingia, hapo andikeni mwekezaji kwa herufi kubwa mkitaka.