Si sabuni ya ugenini inayokupausha

Haipiti wiki bila mgonjwa kukunja suruali hadi magotini anionyeshe miundi iliyopauka, yenye nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. "Daktari, sabuni za huku ni kali mno. Ngozi yangu imezoea ya nyumbani." Nikimuuliza anaogea ipi kwa sasa, karibu kila mara jibu ni lilelile: ile ya nyumbani, alikuja nayo sandukuni na ikimwishia ataletewa nyingine.

Sasa jamani, kama sabuni ni ileile, ya huku imekukosea nini?

Ngozi haizoei chapa. Sabuni ya kipande, popote ilipotengenezwa, huwa na pH (kipimo cha uasidi, 7 ni katikati) ya 9 hadi 10, na ngozi yenyewe iko karibu na 5. Kila ukijisugua unaondoa mafuta yanayozuia maji yasitoke mwilini. Kama ulitoka penye unyevunyevu, hewa ilikuwa ikikusitiri. Umehamia kwenye baridi, hita inawaka usiku kucha, hewa ya ndani imekauka, nawe unasimama chini ya maji ya moto robo saa nzima.

Halafu kuna maji yenyewe. Chungulia ndani ya birika lako. Ukiona ukoko mweupe, maji yako ni magumu. Ya London ni magumu, ya Glasgow ni laini, ingawa ni nchi moja. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo zikikutana na sabuni hutengeneza utando usioyeyuka, unaoganda kwenye beseni na kwenye ngozi vilevile. Chukua chupa mbili, moja ya maji ya bomba, nyingine ya maji yaliyokenekwa. Tia makombo ya sabuni yako humo, utikise. Ya bomba itachafuka kama maziwa yaliyokatika, povu kiduchu. Na povu lisipotoka watu hufanya nini? Huongeza sabuni.

Kwa hiyo tafuta kiosheo cha maji kisicho sabuni, chenye pH iliyo karibu na ya ngozi, kisicho na manukato. Maji yawe vuguvugu, dakika kumi zisifike. Kiosheo kiende kwapani, kinenani na miguuni. Mikono na mapaja hayajachafuka kiasi hicho. Jifute kidogo, na ngozi ikiwa bado na umande pakaa mafuta ya mgando, yale ya kawaida kabisa. Nimewaambia watu hili hadi sauti inakauka, bado wananunua losheni za bei mbaya zinazonukia. Ukifanya hivi mwezi mzima na bado unajikuna usiku, rudi, huenda ni ukurutu.

Sabuni si peke yake; kuna mengine ninayoambiwa. "Chapa ni ileile, basi ni kitu kilekile." Hapana. Losheni ya kukinga jua kwa sheria ya Marekani ni dawa, Ulaya ni kipodozi, na kemikali zinazoruhusiwa si zilezile. Jina la chupa linabaki, yaliyomo yanabadilika. Wala usihangaike kutafuta alama za PA, zile za Asia za kinga ya UVA (miale ya jua inayopenya ndani ya ngozi), kwenye losheni ya Ulaya. Huko tafuta neno UVA ndani ya duara, maana yake kinga ya UVA si chini ya theluthi ya SPF (kiwango cha kinga ya kuungua na jua) iliyoandikwa.

"Dawa ya meno ya kule ina nguvu zaidi." Soma kiasi cha floraidi. Kwa mtu mzima, kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa milioni) inatosha. Ulaya kikomo ni 1,500, na Japani iliruhusu kiwango hicho mwaka 2017.

"Dawa ya kwapa ya huku haishiki." Umenunua ya kuondoa harufu tu. Inayopunguza jasho ina chumvi za aluminiamu, na hupakwa usiku, kwapa likiwa kavu.

Wenye mzio, msiamini maandishi ya mbele ya chupa yanayodai haisababishi mzio. Marekani, kwa mfano, dai hilo halina maana iliyowekwa kisheria. Geuza chupa. Manukato Ulaya huandikwa Parfum, Marekani Fragrance. Piga picha orodha ya viambato vya kila unachopaka, uje nayo.