Utando wa nano si chekeche, jamani

Juzi Usa River, kule Arusha, tena. Nimeinama nafungua mtambo mdogo wa kupunguza floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi majini, kwa kuyapitisha maji kwenye utando wenye matundu ya nanomita moja hivi, mzee mmoja akawaeleza wenzake: "Hii ni kama chekeche la unga, ila matundu yake madogo mno." Sijui ni mara ya ngapi naisikia.

Haya, tupime. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Molekuli ya maji ina upana wa nanomita 0.28 hivi. Ioni ya floraidi, yaani chembe yake yenye chaji, ikiwa tupu, ni kama 0.27. Chekeche gani hilo linalopitisha kinono likazuia chembamba?

Floraidi haitembei tupu. Imezungukwa na molekuli za maji kama bibi harusi na wapambe wake, na kwenye tundu la nanomita moja hawaenei wote. Kuwaacha wengine mlangoni kunadai nishati nyingi. Tena kuta za tundu zina chaji hasi, naye ni hasi vilevile, basi anasukumwa. Ndiyo maana pH ikishuka, yaani maji yakizidi uasidi na kuta zikapoteza chaji hiyo, utando uleule huanza kuipitisha. Chekeche linajua nini kuhusu pH?

Maji nayo yana vituko vyake. Bombani, ukipunguza kipenyo kwa nusu na msukumo ukabaki uleule, mtiririko wa taratibu hushuka mara 16; hilo kila fundi aliyesoma analijua. Lakini kwenye nanomita moja zinaenea molekuli tatu au nne tu, kila moja imegusa ukuta au jirani ya aliyegusa. Mnato, yaani ule uzito wa kimiminika kutiririka, ni tabia ya umati, na humo hakuna umati. Kati ya bamba mbili za ulanga (mica), maji yaliyobanwa hivyo bado hutiririka karibu kama kawaida, ilhali baadhi ya vimiminika vya mafuta huganda. Mwaka 2016 ikapimwa kwamba maji huteleza sana ndani ya vijibomba vya kaboni, lakini si ndani ya vile vya boroni na nitrojeni, ambavyo kwa umbo ni karibu pacha. Kwa nini? Wapo wanaozitaja elektroni za kaboni, ubishi haujaisha.

Na mimi nisijifanye. Nikipiga hesabu za mtambo natumia mnato wa maji ya ndoo, kwa matundu yasiyo na maji ya ndoo, kisha narekebisha namba mpaka ikubaliane na mita ya maji. Kitabuni hilo huitwa "kigezo cha marekebisho".

Mzee akaniuliza, sasa mbona maji yanatoka kidogo? Hapo, shikamoo mzee, nanomita hazihusiki: kichujio cha kwanza kilijaa tope. Na hicho kweli ni chekeche.