Je, wajua? Kwa nini injini ya gari la zamani hugonga, na utajuaje silinda ipi imelala, yaani haifanyi kazi?

Pikapu ya Peugeot 504 imetoka Malindi na shehena ya nazi. Hadi Mavueni haina neno. Ikishakata kona kuelekea Kaloleni barabara inaanza kupanda, dereva anang'ang'ania gia ya nne, mguu umekandamiza mafuta hadi chini, na chini ya boneti unatoka mlio mkavu, mwembamba, wa chuma juu ya chuma. Aliyekaa kando ya dereva anasema petroli imechanganywa. Fundi wa kwanza kuulizwa anasema, "Injini imenoki hii, mzee. Tafuta nyingine." Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, na kosa la fundi ndilo la gharama zaidi.

Imani iliyoenea ni kwamba petroli hulipuka ndani ya silinda, na kugonga ni mlipuko uliozidi nguvu. Wengine huongeza kwamba dawa yake ni petroli "kali". Ukiamini hivyo hutaelewa lolote linalofuata, kwa hiyo tuanzie hapo.

Petroli ndani ya silinda huungua. Plagi inatoa cheche, moto unaanzia pale na kutembea hadi ukuta wa pili. Mwendo wake ni mkali kwa macho yetu, makumi ya mita kwa sekunde, lakini bado ni mwendo, una mwanzo na mwisho. Fikiria mkulima wa Ganda anayechoma magugu shambani kabla ya masika. Anawasha pembe moja, mstari wa moto unasogea, naye anaufuata na tawi bichi mkononi. Sasa chukulia magugu ya pembe ya mwisho yamepata joto hadi yakajiwasha yenyewe, yote kwa mpigo, kabla mstari haujayafikia. Moto ni uleule na magugu ni yaleyale, wala hakuna aliyeongeza kitu. Kilichobadilika ni kwamba sehemu iliyokuwa ingoje zamu yake haikungoja.

Ndivyo inavyokuwa kwenye silinda. Gesi iliyoungua hutanuka na kuibana ile ambayo bado, inayobanwa inapata joto, na joto likipita kiasi inajiwasha yote kwa pamoja. Hapo ndipo panatokea mlipuko wa kweli. Wimbi la mgandamizo linakwenda na kurudi kati ya kuta za silinda, zaidi ya mara 6,000 kwa sekunde kwa injini ya ukubwa wa hiyo ya 504, na huo ndio mlio unaousikia. Wimbi hilo pia hufagia utando mwembamba wa gesi baridi kidogo unaoukinga uso wa pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Ndiyo maana injini iliyoachwa igonge kwa muda mrefu huonekana, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ikifunguliwa, na pistoni zilizolika pembeni.

Okteni basi ni kipimo cha uvumilivu wa petroli, yaani inastahimili kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla ya kujiwasha. Si kipimo cha nguvu. Injini isiyogonga haifaidiki kwa kulishwa okteni kubwa kuliko inayohitaji. Dizeli hutaka kinyume chake: haina plagi, na kujiwasha kwa kubanwa ndiyo kazi yake. Kwa hiyo boti za dizeli za Lamu zikipita zikigonga, hakuna wa kumlaumu.

Historia ya kugonga ina kituko. Charles Kettering wa Marekani ndiye aliyeunda mfumo wa cheche wa betri, koili na kontakti (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) ambao magari ya zamani yaliutumia kwa miaka mingi. Injini zilipoanza kugonga, lawama zilimwangukia yeye: cheche zako ndizo mbaya. Msaidizi wake, Thomas Midgley, alipima na kuonyesha kwamba kugonga hutokea baada ya cheche, moto ukiwa njiani. Kisha, kwa masimulizi yake mwenyewe, akafikiri petroli ikitiwa rangi nyekundu itafyonza joto vizuri zaidi. Akatia ayodini kwa kuwa ilikuwa karibu, na kugonga kukapungua. Rangi nyingine nyekundu hazikufua dafu. Wekundu haukuhusika hata kidogo. Ayodini yenyewe ndiyo iliyofanya kazi. Msako huo ndio uliomfikisha mwaka 1921 kwenye kiungo cha madini ya risasi cha kutia kwenye petroli, kilichotuliza injini na kusambaza sumu duniani kote.

Turudi kwenye pikapu. Mlio mkavu unaokuja gari likiwa limelemewa kwa mwendo mdogo wa injini, na kutoweka ukipunguza mafuta au ukishuka gia, ndio huo wa gesi kujiwasha. Mara nyingi chanzo ni taimingi, yaani wakati wa kutoka cheche, iliyowahi mno, na kuirekebisha ni kulegeza distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, na kuizungusha kidogo sana. Kontakti iliyoachwa wazi kupita kiasi nayo huiwahisha cheche. Nyingi hutaka mwanya wa karibu milimita 0.4. Ukizima ufunguo na injini ikaendelea kukokoroka yenyewe, shuku masizi yanayowaka ndani ya silinda. Tazama pia kama mchanganyiko wa kabureta una hewa nyingi mno, au injini inachemka.

Mlio mzito unaotoka chini, unaosikika hata gari likiwa limesimama na ukiongeza mafuta kidogo tu, huo ni mwingine. Hizo ni beringi za konrodi, mkono unaosukumwa na pistoni, na hapo ndipo neno la fundi wetu lina haki yake.

Utatofautishaje? Kuna jaribio la zamani linalojibu maswali mawili kwa pamoja, nami nalipenda kwa uchoyo wake wa vifaa. Injini ikinguruma taratibu, hakikisha hakuna petroli inayovuja, chukua koleo lenye mpini wa mpira, toa waya wa plagi moja na uuweke karibu na chuma cha injini ili cheche ipate pa kupita. Injini ikishuka nguvu, silinda hiyo ilikuwa kazini. Isipobadilika, umeipata iliyolala. Na ule mlio mzito ukipungua pale waya fulani unapotoka, beringi ya silinda hiyo ndiyo iliyolegea, kwa sababu pistoni haisukumwi tena kwa nguvu dhidi ya mwanya wa beringi iliyolegea. Usijaribu haya kwenye gari la kisasa lenye kompyuta.

Fundi akisema "namba mbili imelala", muulize anahesabu kutoka wapi. Kwenye 504 namba moja iko upande wa flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, si wa rejeta.

Silinda iliyolala hukosa kimoja kati ya vitatu: cheche, mchanganyiko au mbano. Hamishia plagi yake kwa jirani. Ugonjwa ukihama nayo, umemaliza kwa bei ya plagi. Usipohama, fungua boneti usiku bila taa. Hewa ya chumvi ya Malindi hula viungo vya waya na kuacha unyevu kwenye kifuniko cha distributa, hasa wakati wa kusi, na gizani utaona nyuzi za bluu zikirukia mahali pasipostahili. Cheche ikiwa nzima, pima mbano. Ukiwa mdogo, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ukipanda, ringi za pistoni zimechoka; ukibaki palepale, tazama valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kwa valvu, risasi inarudi tena. Mbali na kuzuia kugonga, iliacha utando uliokinga viti vya valvu za ekzosi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na tangu hapo wenye magari ya zamani huilaumu petroli isiyo na risasi kwa kila silinda iliyolala. Hofu hiyo imetiwa chumvi. Viti laini vilivyochongwa moja kwa moja kwenye hedi ya chuma huweza kulika, zaidi kwa gari linalokimbizwa na mzigo muda mrefu. Mwendo wa sokoni na kurudi hauleti madhara makubwa. Hedi ya 504 ni ya alumini, na viti vyake ni vya kupachikwa. Ukitaka hakika, rekebisha tapeti, yaani mianya ya valvu, na uandike vipimo. Mwanya wa valvu ya ekzosi ukiendelea kujifunga kila unapopima, kiti kinazama.