Ganda la pai: mambo tunayodanganyana jikoni

Uongo wa kwanza ni kwamba ganda ni ganda tu, ukijua kutengeneza moja umemaliza. Si kweli jamani, ganda linachaguliwa kwa kuangalia kinachoingia ndani, ni majimaji, ni kizito, au hakipiti kabisa kwenye moto.

Halafu ile ya "kila kitu lazima kiwe baridi". Ni kweli kwa ganda la kuchambuka, lile la pai ya tufaha, maana vipandevipande vya siagi vikibaki vizima kwenye unga vikikutana na oveni ya moto yale maji yaliyomo ndani ya siagi (kama asilimia 16 hivi) yanageuka mvuke na mvuke ndo unainua matabaka, kwa hiyo wanaotia beking pauda ili lichambuke wanajisumbua bure. Siagi ikiyeyuka mkononi kabla hujaoka unapata biskuti. Lakini sasa angalia pai za nyama ya nguruwe za Melton Mowbray kule Uingereza, zile zinaokwa bila bati zimesimama zenyewe: ganda lake maji na mafuta ya nguruwe vinachemshwa, vinamiminwa kwenye unga vikiwa vya moto, na unalifinyanga likiwa bado vuguvugu kwa sababu likipoa linapasuka. Hakuna matabaka hapo ila linabeba nyama na mchuzi wake wote. Mimi hili ndo nalipenda kuliko yote, halina wasiwasi wa friji.

Eti ukikanda sana linalainika? Huo ni mkate. Huku glutini (ile protini ya unga inayovutika) ikikaza ganda linakuwa gumu na linanywea kwenye bati, we changanya mpaka lishikane basi, lipumzishe kwenye friji nusu saa ndo usukume. Vipimo vya ganda la kawaida ni rahisi, unga gramu 300, mafuta 200, maji kama 100, na hayo maji tia kidogokidogo, usiyamwage yote.

Chini kukiloa watu wanasingizia oveni, wakati umemimina kastadi mbichi (ule uji wa maziwa na mayai) kwenye ganda bichi! Lioke tupu kwanza, juu yake karatasi na maharage makavu lisivimbe. Pai ya tufaha haihitaji hayo yote, weka tu bati juu ya treya iliyokwishapata moto.

Ganda la biskuti zilizosagwa nalo linaitwa la wavivu, sawa, ila kwa pai ya limau au chokoleti ya kugandisha kwenye friji sioni la kulishinda. Usiliwekee matunda yenye maji mengi tu, litabomoka.

Na lile la kukunjakunja unga pamoja na siagi, mara 6 kila mara tatutatu mpaka tabaka za siagi zinafika 729, mtu anateseka hivyo halafu analilaza chini ya nyama yenye mchuzi. Litavimbaje na mzigo wote huo juu yake? Liweke juu liwe kifuniko.