Chumvi hulinda ubao, huua mashine: kuchagua na kutunza chombo kidogo cha uvuvi

Pepo za kusi zikianza kutulia, karakana yetu hujaa mashine za boti. Wenyewe huzileta begani au kwenye toroli, na karibu kila mmoja husema mashine yake imekufa ghafla. Tukiifungua, tunakuta haikufa ghafla hata kidogo. Njia za maji ya kupoza zimezibwa na chumvi iliyoganda kama chokaa, impela ya pampu imekatika mabawa, oili ya gia imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mashine hiyo iliumwa miezi mingi na kila siku ilikuwa ikitoa dalili. Mwenyewe hakuwahi kufundishwa kuzisoma, na hilo hunisikitisha kila mara, kwa sababu mafunzo yenyewe si marefu.

Mimi ni mkufunzi wa vyombo na mashine za uvuvi. Neno ninaloanza nalo kwa kila kundi la wavuvi ni hili: ubao na mashine havipendi maji ya aina moja. Maji ya chumvi huhifadhi ubao lakini huua mashine. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huokoa mashine lakini huozesha ubao. Karibu matunzo yote nitakayoyaeleza hapa yanatoka humo.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Vijana wengi huja na swali moja: nina fedha kiasi fulani, ninunue mashine gani? Mimi huwarudisha nyuma. Unavua wapi? Kwa zana gani? Mnapanda wangapi? Chombo kinalala wapi usiku, kwenye mchanga, kwenye mikoko au kinaelea? Mvuvi wa pweza au wa mshipi anayefanya kazi ndani ya mwamba, maji yakiwa ya kiunoni, ngalawa ya mwembe yenye mirengu na matengo imara, yaani mbao na miti ya pembeni inayoizuia isipinduke, na tanga zima inamtosha. Haihitaji kina, watu wachache wanaipandisha pwani, na upepo hauuzwi kwa lita. Mvuvi huyo akikopa ili anunue mashine, samaki wake wote watakwenda kwenye petroli na deni.

Mwenye jarife (wavu mkubwa) au nyavu za usiku nje ya mwamba ana haja nyingine. Anataka chombo chenye upana, cha kubeba barafu, nyavu na watu bila maji kufika ukingoni. Hapo mashua au boti ya faiba (fiberglass) ina nafasi yake. Dau, kwa kuwa limechongoka mbele na nyuma, halina mahali pa kutundika mashine. Nimeona madau mengi yaliyokatwa tezi, sehemu ya nyuma, yakagongomewa ubao, mashine ikafungwa hapo. Kama ubao huo haukushikwa na mataruma (mbavu za chombo) na kuunganishwa barabara hadi kwenye mkuku (uti wake wa chini), mtikisiko wa mashine utafungua mbao kidogo kidogo, na siku moja chombo kitapokea maji kwa nyuma, mahali penye uzito mkubwa kuliko kote. Wengine huitundika ubavuni. Mashine ya ubavuni husukuma chombo kiende upande, na wimbi likiinua, propela hutoka majini na kupiga hewa.

Siku hizi swali la ubao au faiba limefika kwenye vikundi vingi, pwani na ziwani, kwa sababu Serikali imekuwa ikitoa boti za kisasa kwa mkopo usio na riba. Faiba ni nyepesi, haihitaji kalafati ya kuziba mianya ya mbao, na mashine ndogo huisukuma bila taabu. Lakini lipo jambo ambalo muuzaji halisemi asipoulizwa. Mashua ya mbao ikijaa maji, mara nyingi mbao zenyewe hubaki zikielea na watu hupata cha kushika. Boti ya faiba isiyo na povu la kuelea ndani yake hushuka chini pamoja na mashine. Kwa hiyo kabla ya kusaini, mwambie muuzaji akuonyeshe povu hilo liko wapi na limezibwaje. Asipoweza kukuonyesha, usichukue boti hiyo.

Faiba ikipata ufa, usikimbilie rangi. Rangi hufunika ufa tu, na maji huendelea kuingia kati ya matabaka hadi yaanze kuachana. Ufa ukwanguliwe hadi kwenye faiba nzima, ukauke kabisa kwa siku kadhaa, ndipo uwekwe mati ya nyuzi za faiba na rezini, gundi yake. Na boti isiburutwe juu ya mawe. Tandika magogo au mabomba ya plastiki, maana sehemu ya chini ndiyo inayoliwa kwanza.

Ukinunua mashua iliyotumika, nenda na kisu

Usitazame rangi. Mashua inayouzwa hupakwa rangi wiki ya kuuzwa. Chukua kisu kidogo, omba ruhusa kwa mwenyewe, kisha choma taratibu kwenye miguu ya mataruma, pale mkuku unapokutana na mbao za chini, ndani ya omo (sehemu ya mbele) chini ya sakafu, na juu ya ubao wa nyuma mashine inapokaa. Kisu kikizama kama kwenye boga, ubao umeoza.

Angalia vizuri mahali penyewe. Zote ni pembe zinazotuamisha maji ya mvua. Kuvu inayoozesha ubao inataka maji baridi, hewa na joto, na chumvi huizuia. Ndiyo maana mashua iliyolala pwani masika yote bila kufunikwa hurudi baharini ikiwa dhaifu kuliko ile iliyokuwa ikivua. Wazee waliomwagia vyombo vyao maji ya bahari kwa ndani walikuwa wakifanya jambo sahihi. Osha chombo cha mbao kwa maji ya bahari, kifunike kwa makuti au turubai juu ya fito ili upepo upite chini yake, na usiache matandiko ya nyavu mbichi sakafuni. Kwa wenzetu wa Ziwa Viktoria na Tanganyika, ambako chumvi haipo, kukausha ndiyo dawa: inua mbao za sakafu, toa maji yote kwa upo, acha jua liingie.

Chini ya maji chumvi ina hila yake. Kuna wadudu wa baharini wanaotoboa mbao kutoka nje na kuzila kwa ndani, hata ubao ukaonekana mzima huku umekuwa kama sega la nyuki. Wanapenda sana vyombo vinavyolala kwenye vijito vya mikoko. Dawa ya jadi bado inafaa. Chombo hupandishwa wakati wa bamvua (maji makubwa), maji yakipwa hubaki kavu kikiegemezwa kwa magadi (nguzo za kukishikilia), huparuzwa, huchomwa kwa moto wa makuti unaopita haraka chini ya mbao, kisha hupakwa deheni ya chokaa na mafuta. Ukipaka rangi ya kuzuia viumbe vya baharini badala ya deheni, ni sawa, ila chombo lazima kipande pwani kila baada ya miezi michache. Hapo hapo fundi akague kalafati na misumari. Faida nyingine ni kwamba chombo kisicho na chaza na mwani chini yake hunywa petroli kidogo.

Mashine kubwa haifanyi mashua iende mbio

Hapa ndipo fedha nyingi za wavuvi zinapopotea. Mashua ya kawaida hukata maji na kutengeneza wimbi lake yenyewe, na wimbi hilo huiwekea kikomo. Chukua urefu wa chombo kwenye usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa urefu huo, kisha zidisha kwa 2.4. Mashua ya mita 9 ina kipeuo cha 3, kwa hiyo kikomo chake ni kama noti 7, yaani maili 7 za baharini kwa saa. Ukitaka kupita hapo, chombo kinaanza kupanda mlima wa maji ambao kimeutengeneza chenyewe, na mafuta yanamwagika kwa mwendo usioonekana.

Mashine ya mipigo miwili (two-stroke) ya nguvu farasi 15 ikifunguliwa mwisho hunywa takribani lita 7 kwa saa. Ya farasi 40 hunywa kama lita 20. Kwenda na kurudi saa tatu, tofauti ni lita 21 kwa lita 60, kila siku, na mashua ile ile ya mita 9 haitafika mara mbili ya mapema. Boti nyepesi ya faiba yenye chini bapa huweza kupanda juu ya maji na kuteleza, lakini ukishaijaza barafu na samaki, nayo inarudi kukata maji kama mashua. Kwa mashua za mita 7 hadi 9 mimi hushauri farasi 15. Farasi 25 nawaachia wanaovuka penye mkondo mkali kama wa Pemba. Na ukishakuwa nayo, usiifungue hadi mwisho. Sehemu ile ya mwisho ya kishikio hula mafuta mengi na kurudisha mwendo mdogo sana.

Mashine ya mipigo minne (four-stroke) hutumia mafuta kidogo kuliko mipigo miwili na haichanganywi oili kwenye petroli. Lakini ni nzito zaidi, ni ghali zaidi, na fundi wa kijijini asiyeijua anaweza kuiharibu. Kama kijiji chako kina mafundi wa mipigo miwili peke yao na vipuri vyake viko dukani, hesabu hilo kabla ya kuvutiwa na unafuu wa mafuta.

Pima pia ubao wa nyuma kabla ya kununua. Mashine zina mguu mfupi, wa ubao wa takribani sentimita 38, na mrefu, wa takribani sentimita 51. Bamba lile bapa lililo juu ya propela linapaswa kuwa sawa na sehemu ya chini ya chombo au kushuka kidogo tu. Mguu mfupi kwenye ubao mrefu, propela hunyonya hewa. Mguu mrefu kwenye ubao mfupi, unaburuta maji bure na kugonga mwamba.

Robo saa ya jioni

Mkirudi, kabla ya kwenda mnadani, mtu mmoja apewe mashine. Aifunge kwenye pipa lenye maji baridi yaliyopita juu ya lile bamba la juu ya propela, aiwashe bila gia kwa mwendo wa chini dakika kama kumi. Maji hayo hutoa chumvi kwenye njia za kupoza. Mwishoni achomoe mpira wa mafuta aiache izime yenyewe, ili petroli isikaukie ndani ya kabureta na kuacha utomvu. Kisha aisimamishe wima maji yote yachuruzike kabla ya kuilaza. Ambako maji baridi yananunuliwa kwa ndoo, pipa moja linaweza kutumika siku kadhaa likifunikwa, ila yakianza kuwa na ladha ya chumvi yamwagwe. Usiwashe kamwe mashine nje ya maji ili kuijaribu: impela ni ya mpira, na bila maji huungua kwa muda mfupi sana.

Ukiwa baharini, macho yako yawe kwenye uzi wa maji unaotoka nyuma ya mashine. Ukidhoofika, zima, safisha mlango wa maji wa chini, mara nyingi ni mfuko wa plastiki au mwani. Ukibaki dhaifu baada ya hapo, impela imechoka. Ibadilishe hata kama haijamaliza mwaka.

Kwa mipigo miwili, mashine nyingi zinataka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Mashine mpya, saa 10 za kwanza, mara mbili ya hapo. Soma kitabu chake, kwa kuwa zipo zinazotofautiana. Oili iwe ya mashine za boti, si ya pikipiki wala gari. Chuja petroli kwa kitambaa safi na acha kidogo chini ya dumu, kwani maji hukaa huko.

Kila baada ya saa 100 za kazi au miezi sita, toa oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yanaingia, na mara nyingi chanzo ni uzi wa nyavu au mshipi uliojifunga nyuma ya propela na kukata sili. Kwa hiyo vua propela mara kwa mara uangalie. Oili mpya ijazwe kutoka tundu la chini hadi itokee tundu la juu, maana ukijaza kutoka juu hewa hubaki ndani. Kipande cha zinki kilicho mguuni kiliwe badala ya mashine. Kikibaki nusu, weka kingine, na usikipake rangi.

Vishikizo vya mashine hulegea kwa mtikisiko. Funga na mnyororo au kamba nene kutoka mashine hadi kwenye chombo, na kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi mwa nahodha. Jaketi okozi zivaliwe, zisikaliwe, na utabiri wa bahari au ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe kabla ya kutoka. Pakia kasia au tanga, plagi mbili mpya na kifungulio chake, na pini za propela kama yako inazitumia.

Mashine ikizama

Ikizama ikiwa imezimwa, saa zinazofuata ndizo zinazoamua. Ioshe yote kwa maji baridi mengi, toa plagi, ilaze matundu yakitazama chini, vuta kamba ya kuwashia taratibu hadi maji yaishe. Mwaga petroli yote ya kabureta. Tia oili kidogo kwenye matundu ya plagi, vuta tena, rudisha plagi kavu, iwashe siku hiyo hiyo na uiache ifanye kazi nusu saa kwenye pipa. Ikiwa ilizama ikifanya kazi, au kamba inagoma, usilazimishe, kwani huenda kuna chuma kilichopinda ndani. Na kama fundi yuko mbali na huwezi kuifungua siku hiyo, usiiache juani ikauke. Izamishe yote kwenye pipa la maji baridi na umpelekee fundi ikiwa humo humo, kwa sababu kutu huanza pale hewa inapokutana na chuma chenye chumvi.