Usanifu wa sauti ni nini?

Ukiona kwenye filamu mtumbwi ukiondoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, sehemu kubwa ya unachosikia huwa imewekwa baadaye. Maneno ya waigizaji huenda ni ya siku ile ile, lakini maji yanayopiga ubao, mashine na kunguru wanaogombea mabaki ya samaki vimerekodiwa kivyake. Kuzitafuta sauti hizo, kuzitengeneza na kuamua ipi isikike na ipi inyamaze ndiyo usanifu wa sauti. Si kazi ya fundi anayesimamia spika harusini, ingawa wengi huanzia huko. Nchini Marekani cheo cha msanifu wa sauti kilipata uzito mwaka 1979, Walter Murch alipotambuliwa nacho kwenye Apocalypse Now, filamu ya vita vya Vietnam.

Kuna jambo linaloniuma. Watengenezaji wengi huchukua mawimbi ya bahari kwenye intaneti na kuyaweka chini ya picha ya Ziwa Victoria. Bahari hupiga kwa kuvuta pumzi ndefu. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yanafuatana kwa karibu. Yakigonga mawe ya Mwanza hutoa mlio mkavu, wa haraka. Mtu wa Igombe au Ukerewe huisikia tofauti hiyo hata kama hawezi kuieleza, na papo hapo haiamini tena filamu yako. Nenda ukarekodi penyewe. Kabla ya kuondoka, waombe wote wanyamaze kwa dakika moja na uirekodi pia, maana kila mahali pana ukimya wake, na bila huo mazungumzo yakikatwa hubaki mashimo.

Msanii wa sauti za majaribio hutumia vifaa hivyo hivyo, ila hatumikii picha. Mwaka 1948 Mfaransa Pierre Schaeffer alirekodi treni kwenye stesheni ya Batignolles, Paris, akakata na kurudiarudia milio yake mpaka ikawa kazi ya kusikilizwa yenyewe, iliyorushwa redioni. Kwetu mali ghafi ni tele. Rekodi dagaa wakavu wakimiminwa kwenye gunia, kisha punguza mwendo kwa nusu: sauti inashuka oktavu nzima, na mchakacho ule mwepesi unageuka kitu kizito ambacho msikilizaji hawezi kukitaja jina. Au zamisha maikrofoni ya majini. Sauti husafiri majini takriban mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, kwa hiyo unaweza kuinasa mashine ya mtumbwi ulio mbali kabla sikio lako la nje halijaipata.

Anayeanza anahitaji rekoda ndogo, hedfoni zinazofunika masikio na kifuniko cha manyoya kwenye maikrofoni. Bila manyoya hayo upepo hufunika kila kitu. Fika ufukweni alfajiri, kwa sababu kuelekea mchana upepo wa ziwani huanza kuvuma kuja nchi kavu.