Kasi ya mwanga haifuti faini ya mizani

Kila ikikaribia Mei 20, Siku ya Vipimo Duniani, sisi watu wa vipimo huwa tunashuka mialoni, wanakoshushia samaki, kuelimisha. Safari hii pale Kirumba, Mwanza, kijana mmoja wa dagaa akaniuliza mbele za watu: "Mkuu, si mnasema mita inatokana na mwanga? Sasa nikikimbia kasi ya mwanga mita inafupika, kilo inaongezeka, mtanipigaje faini mizani ikikosea?" Watu wakacheka, nikaahidi ntaandika.

Kweli, tangu 1983 mita ni umbali ambao mwanga unakwenda kwenye ombwe (pasipo na hewa wala kitu) kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Tatizo ni hiyo "nikikimbia". Hukimbii. Kitu chochote chenye masi, hata dagaa mmoja, kukifikisha kasi hiyo kunataka nishati isiyo na kikomo. Einstein alijiuliza hilo akiwa na miaka 16, kwamba nikiukimbiza mwanga nikaufikia ntauona umesimama? Hesabu za umeme na sumaku zinakataa mwanga uliosimama, na 1905 akatoa jibu: mwanga haufikiki, kinachobadilika ni muda na urefu.

Chukua mtumbwi wa dagaa, usiku wa giza, taa inawaka mbele. Upeleke nusu ya kasi ya mwanga (kichwani tu jamani, mashine yako haiwezi). Wengi wanajumlisha haraka, mwanga wa taa unakwenda mara moja na nusu ya kasi yake! Siyo. Aliye mtumbwini akipima, aliyekaa ufukweni kwenye mawe ya Kapripoint akipima, wote wanapata namba ileile. Nimeshalieleza hili mara nyingi sana na bado kuna mtu ananiletea mfano wa pikipiki.

Haya, mapacha Kulwa na Doto. Kulwa akiondoka kwa asilimia 87 hivi ya kasi ya mwanga, akirudi atakuta Doto kazeeka miaka 10, yeye Kulwa kaongeza kama 5 tu. Daraja la Kigongo–Busisi lenye kilomita 3 hivi, akilipita kwa kasi hiyo kwake ni kilomita moja na nusu. Lakini rula aliyobeba, saa, mizani na ndoo yake, kwake vyote viko vilevile, maana vinakimbia naye. Kilo yake ni kilo. Kwa hiyo mizani inayosafiri na dagaa wake haina pa kujificha.

Na msidhani ni hadithi, hizo GPS mnazobeba ziwani saa za setilaiti zake zinachelewa maikrosekunde 7 kwa siku kwa sababu ya mwendo, zinawahi 45 kwa sababu huko juu mvutano wa dunia ni hafifu, jumla zinawahi 38. Muda huo mwanga unakwenda kilomita 11, ndo maana zinarekebishwa.

Sasa utaratibu. Mizani ya biashara inahakikiwa kila mwaka, inapigwa lakiri na kubandikwa stika. Fundi akiifungua, awe na leseni, na usiitumie mpaka ihakikiwe upya, hata kama kabadilisha springi moja tu, hata kama fundi ni shemeji yako. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ina faini na kifungo, na haina kipengele cha kasi ya mwanga.

Mizani ya yule kijana niliigeuza palepale. Stika ilikuwa ya mwaka juzi.